Hiari Yashinda Utumwa: Kwa Nini Kijana Mwenye Akili Hushindwa Chuoni

Na Mratibu wa Miradi, Singe, Babati



Miaka michache iliyopita kamati yetu ya ufadhili ilikutana hapa Singe kujadili barua ya kijana mmoja aliyemaliza kidato cha sita, mchepuo wa Fizikia, Kemia na Biolojia. Matokeo yake yalikuwa mazuri. Mama yake ni mjane, ana shamba la mahindi na mbaazi na ng'ombe wachache. Hapa mtaani kila mtu alimfahamu kijana huyo kwa jambo moja: ndiye aliyekuwa akipita nyumba hadi nyumba kuwadondoshea kuku chanjo ya kideri machoni. Kazi hiyo aliianza akiwa kidato cha pili bila kutumwa na mtu.

Katika kikao kile tulijadili mambo matatu: matokeo yake, gharama za masomo, na uwezekano wa kupata mkopo na ajira. Wajumbe walisema kuwa sekondari zetu zina upungufu wa walimu wa sayansi, na kwamba mwombaji wa ualimu wa sayansi hupewa kipaumbele katika mikopo. Mimi ndiye niliyeandika muhtasari, na mimi ndiye niliyesaini barua ya kumpendekeza akasome shahada ya ualimu. Shauri lake lilichukua kama nusu saa. Muda wote huo kijana alikuwa amekaa nje kwenye benchi, na hakuna aliyemwita ndani kumuuliza anataka kusoma nini.

Mwaka wa kwanza alipata sapu tatu, yaani alirudia mitihani ya masomo matatu. Mwaka wa pili alidisko, kama wanafunzi wenyewe wanavyosema; maana yake aliondolewa masomoni kwa kutofikia alama zinazotakiwa. Mama yake alikuwa amekwisha uza ng'ombe wawili ili kuongezea pale mkopo ulipopungua. Watu wakasema kijana ni mvivu, wengine wakasema mji umemharibu. Nilipokwenda kumwona alinisalimia kwa heshima, "Shikamoo mratibu." Nikamwuliza ilikuwaje. Akasema, "Mratibu, kila nikifungua daftari niliona kama nasoma barua ya mtu mwingine. Nilikuwa nasoma kwa kuwaogopa ninyi na mama."

Maneno hayo yamenifanya nisome na kuuliza mengi kuhusu jambo ambalo kamati nyingi, na wazazi wengi, hatulijadili: nini kinachomfanya mwanafunzi wa elimu ya juu ajifunze? Wahenga walisema hiari yashinda utumwa. Makala hii inaeleza kwa nini usemi huo ni kweli hata darasani, na nini tunaweza kufanya.

Motisha na shauku maana yake nini?

Katika ofisi zetu neno motisha limezoeleka kwa maana ya posho au bahasha. Hapa nalitumia kwa maana pana zaidi. Motisha ni ile nguvu inayomsukuma mtu aanze kazi na aendelee nayo hata inapokuwa ngumu. Nguvu hiyo inaweza kutoka nje, kwa mfano ahadi ya mshahara, hofu ya aibu au masharti ya mfadhili. Inaweza pia kutoka ndani, mtu anapoona kazi yenyewe ina maana kwake.

Shauku ni jambo la karibu na hilo lakini si lile lile. Shauku ni mvuto wa mtu kwa somo lenyewe. Chukua mfano wa wanafunzi wawili wa fani ya uhasibu, hata hapa kwetu mjini Babati ambako Chuo cha Uhasibu Arusha kina kampasi yake. Mmoja anataka cheti ili apate kazi. Mwingine amekulia dukani kwa shangazi yake, na tangu utotoni amejiuliza kwa nini duka lenye wateja wengi kuliko yote mtaani ndilo lililofungwa. Wote wawili wana motisha. Lakini mhadhiri anapofundisha tofauti ya faida na fedha taslimu, wa kwanza anaandika, na wa pili anashtuka, kwa sababu jibu la swali lake la miaka mingi limefika.

Kwa nini jambo hili lina uzito zaidi chuoni kuliko shuleni? Kwa sababu chuoni hakuna kengele ya asubuhi wala mwalimu wa zamu. Mhadhiri hukutana na mwanafunzi kwa saa chache kwa wiki. Sehemu kubwa ya kujifunza hufanyika mwanafunzi akiwa peke yake, maktaba au chumbani, bila mtu wa kumwangalia. Kijana aliyezoea kusukumwa kutoka darasa la kwanza hadi kidato cha sita anafika mahali ambapo hakuna wa kumsukuma. Kama hana nguvu ya ndani atasimama pale alipoachwa, hata awe na akili kiasi gani.

Kusoma kwa kina na kusoma kwa juujuu

Mwaka 1976 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Gothenburg nchini Sweden, Ference Marton na Roger Säljö, walieleza jambo ambalo walimu wengi walikuwa wakilihisi. Waliwapa wanafunzi wa chuo makala wasome, wakiwaambia kwamba baadaye wataulizwa maswali. Wengine walijaribu kukariri maneno na takwimu ambazo walidhani zingeulizwa. Wengine walitafuta mwandishi anataka kusema nini. Kundi la kwanza liliweza kurudia vipande vya makala lakini mara nyingi lilikosa hoja yake kuu. Kundi la pili lilielewa. Tangu hapo wataalamu wa elimu wanazungumzia kusoma kwa juujuu na kusoma kwa kina.

Kila aliyepita chuo chetu chochote anakijua kisa hiki kwa jina jingine. Wanafunzi wana neno desa, yaani notisi au majibu ya zamani yanayorudufiwa na kupitishwa mkono kwa mkono wakati mitihani inapokaribia. Mwanafunzi anayeishi kwa desa anaweza kufaulu. Lakini muulize baada ya miezi sita, hakuna kilichobaki. Si kwamba akili yake ni mbovu. Hakuwa na sababu ya kukitunza alichosoma.

Shauku hubadilisha hali hiyo kwa njia inayoeleweka. Mtu mwenye shauku huweka makini bila kujilazimisha, hivyo huchoka polepole. Hutumia muda zaidi. Huuliza maswali. Akishindwa hurudia, kwa kuwa anataka kujua jibu. Na zaidi ya yote, hulifunga jambo jipya kwenye jambo analolijua tayari, kama mtu anavyomfunga ndama mpya kwenye kigingi kilichokwisha simama. Kijana wetu wa Singe alikuwa na vigingi vingi: kuku, magonjwa, dawa, mizunguko ya msimu. Sisi tukampeleka mahali ambapo hakuviona.

Zawadi inapochukua nafasi ya sababu

Wengi wetu tunaamini kwamba dawa ya mwanafunzi asiye na ari ni kumwahidi kitu. Ahadi husaidia, lakini si kila wakati. Mwaka 1971 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Deci, alichapisha matokeo ya jaribio lake kwa wanafunzi wa chuo. Aliwapa chemshabongo ya vipande vinavyounganishwa ili kutengeneza maumbo, mchezo ambao wengi huupenda. Katika kipindi cha pili aliwalipa baadhi yao dola moja kwa kila umbo walilofanikiwa kulitengeneza. Katika kipindi cha tatu malipo yaliondolewa. Kila kipindi kulikuwa na dakika chache za mapumziko ambapo mwanafunzi angeweza kufanya atakalo, na watafiti walimtazama bila yeye kujua. Wale waliokuwa wamelipwa, malipo yalipokoma, waliugusa mchezo ule kwa muda mfupi zaidi kuliko mwanzo. Kazi waliyoifanya kwa kupenda ilikuwa imegeuka kibarua. Lakini katika jaribio jingine ambalo wanafunzi walipewa maneno ya kutambua kazi yao nzuri badala ya fedha, hamu yao haikushuka namna hiyo.

Hii haina maana kwamba fedha ni mbaya. Ina maana kwamba zawadi ikichukua nafasi ya sababu, siku zawadi inapoondoka sababu nayo huondoka.

Tuliangalie jambo hili hapa nchini. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 na ikaanza kazi Julai 2005. Bila mikopo hiyo vijana wengi wa Manyara wasingeliona hata geti la chuo kikuu. Kwa miaka mingi miongozo ya mikopo imetoa kipaumbele kwa fani ambazo taifa linazihitaji, kama vile tiba, uhandisi, na ualimu wa sayansi na hisabati. Nia ni njema, na taifa lina haki ya kuamua litumie wapi fedha zake. Tatizo linaanza pale familia inapousoma mwongozo ule kama vile umeandika jina la mtoto wao. Kijana anachagua fani kwa kuangalia ipi ina uhakika wa bumu, kama wanavyoita fedha ya kujikimu. Bumu linaisha kabla ya mwisho wa mwezi wa pili, lakini fani inabaki miaka mitatu au minne, na pengine maisha yote.

Ikumbukwe pia kwamba mkopo ni deni la mwanafunzi mwenyewe, si la kamati wala la mjomba aliyemshauri. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016, mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake. Anayelipa deni kwa ajili ya fani aliyoitaka analipa kwa moyo. Anayelipa kwa ajili ya fani aliyochaguliwa, na ambayo hata ajira yake imekuwa adimu, analipa kwa uchungu.

Mambo matatu yanayolisha ari

Deci na mwenzake Richard Ryan waliendelea na utafiti kwa miongo kadhaa. Walifikia hitimisho kwamba ari ya ndani hustawi pale mambo matatu yanapokuwepo. Nayaeleza kwa mifano ya kwetu.

1. Kuona kwamba uamuzi ni wake. Hii haimaanishi kwamba kijana asisikilize wazazi. Kwetu sisi mtoto husoma kwa ajili ya familia na jamii, na hilo si kosa. Deci na Ryan wenyewe wanatofautisha kati ya sababu ya nje ambayo mtu amebebeshwa na sababu ya nje ambayo ameikubali ikawa yake. Binti anayesoma uuguzi kwa sababu kijiji chake kiko mbali na hospitali, naye ameona wanawake wakiteseka njiani, anasoma kwa ajili ya wengine lakini kwa hiari yake. Binti anayesoma uuguzi ule ule kwa sababu baba amesema basi, huyo amebebeshwa. Kwa nje hawatofautiani. Tofauti huonekana usiku wa kuamkia mtihani mgumu.

2. Kuona kwamba anaweza. Hakuna anayependa kwa muda mrefu jambo linalomwaibisha kila siku. Hapa lugha ina nafasi kubwa. Watoto wengi wa Babati huanza na Kigorowa, Kiiraqw, Kirangi au lugha nyingine ya nyumbani. Shule ya msingi wanasoma kwa Kiswahili, kisha kuanzia kidato cha kwanza hadi chuo kikuu wanasoma kwa Kiingereza, ambacho kwao ni lugha ya tatu. Mwanafunzi anaweza kulielewa somo na bado akashindwa kuuliza swali mbele ya wenzake. Akikaa kimya muhula mzima, anaanza kujiambia kwamba somo si lake. Mara nyingi tunachokiita kukosa hamu ni aibu iliyokaa muda mrefu.

3. Kuwa na watu. Mwanafunzi hujifunza vizuri zaidi anapojua kuna watu wanaojali kama amejifunza au la. Mfano mzuri ni Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992 na kuanza kupokea wanafunzi mwaka 1994, ambacho kina kituo cha mkoa hapa Babati. Wengi wanaojiunga nacho ni watu wazima, walimu na watumishi wanaosoma huku wakifanya kazi. Sababu ya kusoma wanayo, na uamuzi ni wao. Adui wao mkubwa ni upweke. Mtu anarudi kutoka kazini, anawasha taa, hana wa kumwuliza. Ndiyo maana vikundi vya kujisomea vina thamani kubwa kwa wanafunzi wa masafa: mtu anamaliza sura kwa sababu Jumamosi wenzake watamwuliza ameelewa nini.

Tanzania iliwahi kujaribu

Swali la nani yuko tayari kwa chuo kikuu si geni nchini mwetu. Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu mjini Dar es Salaam waliandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa kuwa la lazima kwao, na Mwalimu Nyerere akawafukuza karibu wanafunzi 400. Mwaka uliofuata alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, akilalamikia elimu inayomtenga kijana na jamii iliyomsomesha.

Kisha, Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilipitisha Azimio la Musoma. Pamoja na kuharakisha elimu ya msingi kwa wote, Azimio liliweka utaratibu kwamba kijana aliyemaliza kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Alitakiwa kwanza afanye kazi kwa angalau miaka miwili baada ya Jeshi la Kujenga Taifa, na aombe nafasi akiwa na mapendekezo ya mahali pake pa kazi na ya chama. Wazo lilikuwa kwamba mtu aliyewahi kufanya kazi anajua anakwenda chuoni kutafuta nini.

Wazo hilo lilikuwa na ukweli ndani yake. Mtu aliyewahi kusimamia zahanati bila dawa anausikiliza mhadhara wa ugavi kwa masikio tofauti. Lakini utaratibu wenyewe ulileta matatizo. Idadi ya wasichana walioingia chuo kikuu ilishuka, kwa kuwa wengi walipokwisha anza kazi na maisha ya ndoa haikuwa rahisi kurudi masomoni. Fani za sayansi na uhandisi nazo zilikosa wanafunzi wa kutosha. Serikali ililegeza masharti kwanza kwa makundi hayo, na katika miaka ya 1980 utaratibu huo ukaachwa.

Nadhani kuna mafunzo mawili hapa. La kwanza, kuionja kazi kabla ya kuisomea humpa mwanafunzi sababu ambayo hakuna mhadhiri anayeweza kumpa. La pili, sababu hiyo haipatikani kwa amri moja kwa watu wote. Sharti linalomfaa mmoja linamfungia mwingine mlango.

Shauku hukua

Hapa msomaji anaweza kuuliza: je, kijana ambaye tayari yuko mwaka wa kwanza katika fani ambayo hakuichagua, amekwisha potea? Jibu ni hapana.

Mwaka 2006 Suzanne Hidi na Ann Renninger walieleza kwamba shauku hukua kwa hatua nne. Kwanza kitu fulani hukushtua: mfano, swali, jaribio la maabara. Pili, hali ya darasani huiendeleza hamu hiyo kwa kazi zinazokuhusu. Tatu, unaanza kurudi kwenye jambo hilo kwa hiari yako na kuuliza maswali yako mwenyewe. Nne, linakuwa sehemu yako, unalifuata hata linapokuwa gumu. Kama mche, shauku ya hatua za mwanzo ikikosa maji hunyauka. Kwa hiyo kusema "mimi somo hili silipendi" mara nyingi ni sawa na kusema "mche huu haujamwagiliwa".

Njia moja ya kuumwagilia ni rahisi kiasi cha kushangaza. Mwaka 2009 Chris Hulleman na Judith Harackiewicz walichapisha utafiti uliofanyika kwa wanafunzi wa sayansi katika sekondari za Marekani. Kila baada ya muda, baadhi ya wanafunzi walitakiwa kuandika kwa ufupi jinsi walichojifunza kinavyohusiana na maisha yao. Wengine waliandika muhtasari wa somo tu. Wale ambao mwanzoni hawakutarajia kufaulu, walipoandika kuhusu maisha yao, hamu yao iliongezeka na alama zao zikapanda. Ni muhimu kutambua kwamba hawakuambiwa na mwalimu kwamba somo lina faida. Walitafuta faida hiyo wenyewe.

Nami huwa najiuliza ingekuwaje kama mtu angemwambia kijana wetu, katika muhula wa kwanza, aandike ukurasa mmoja: somo hili la Kemia lina uhusiano gani na chanjo niliyokuwa nikiibeba Singe? Pengine angebaki. Pengine leo angekuwa mwalimu wa Biolojia anayewapeleka wanafunzi wake bandani kwa kuku.

Tusisahau tumbo

Kabla ya kufika kwenye ushauri, ni lazima niseme jambo moja ili nisieleweke vibaya. Ari si mbadala wa ada. Mwaka 2017, India ilipoweka ukomo wa kununua mbaazi kutoka nje, bei ya mbaazi ilianguka vibaya, na hapa Babati, ambako mbaazi ndiyo ada ya nyumba nyingi, tuliona jinsi pigo hilo lilivyofika hadi kwenye vyumba vya wanafunzi mijini. Kijana asiyejua atakula nini kesho hawezi kuweka akili yake kwenye kitabu, hata kama anakipenda. Kwa hiyo mfadhili anayetuma fedha kwa kuchelewa asimlaumu mwanafunzi kwa kukosa ari. Fedha haziwezi kuizaa shauku, lakini kukosekana kwake kunaweza kuiua.

Tufanye nini?

Kwa wazazi: Msikilize mtoto kabla ya fomu za maombi kujazwa. Usimwulize "unataka kuwa nani?" peke yake, kwa kuwa atakujibu kwa jina la kazi aliloisikia. Mwulize pia anafanya nini asipotumwa, na ni somo gani huendelea kulifikiria baada ya kengele. Kisha zungumzeni kwa ukweli kuhusu gharama na ajira. Anaweza kukubali njia ambayo si chaguo lake la kwanza. Kinachotakiwa ni akubali mwenyewe, akijua sababu.

Kwa kamati za ufadhili: Mwiteni mwombaji ndani. Sisi sasa tumeongeza maswali matatu kwenye fomu yetu, na mwombaji huyajibu kwa mdomo mbele ya wajumbe: Kwa nini fani hii? Umewahi kuigusa kazi hii wapi, hata kwa wiki moja? Ukishindwa somo moja mwaka wa kwanza, utamwambia nani? Asiyewahi kuigusa kazi tunamtafutia nafasi ya kukaa wiki chache kwenye zahanati, karakana, shule au shamba kabla ya chuo kufunguliwa. Haitugharimu zaidi ya nauli na chakula. Baadhi wamerudi wakiwa na hamu kubwa zaidi, na baadhi wamerudi wakiomba kubadilisha fani. Wote tunawahesabu kuwa wamefaidika.

Kwa wanaofuatilia wanafunzi: Tusisubiri matokeo ya mwisho wa mwaka. Simu moja kwa mwezi, si ya kuuliza alama bali ya kuuliza "umejifunza nini kilichokushangaza?", inaonyesha mapema kama moto unawaka au unazimika. Mkipongeza, taja kazi aliyoifanya. "Umekaa na hesabu ile hadi ikakubali" ni maneno yenye nguvu kuliko "una akili sana".

Kwa wanafunzi: Usingoje mhadhiri akuvutie. Kila wiki andika sentensi tatu kuhusu mahali ambapo somo linaigusa nyumba yenu. Tafuta kikundi cha watu wanne au watano mnaoelezana kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiingereza. Uliza swali moja darasani kila wiki, hata kama sauti inatetemeka. Na ukiona fani si yako kabisa, sema mapema kabla hujadisko. Kukiri katika muhula wa kwanza ni afadhali kuliko kunyamaza hadi mwaka wa pili.

Kwa wahadhiri na wakufunzi: Eleza swali kabla ya kutoa jibu. Leta mifano kutoka mahali wanafunzi wanakotoka. Na pale inapowezekana, mpe mwanafunzi nafasi ya kuchagua walau mada ya kazi yake ya kuandika.

Mwisho

Kijana niliyeanza naye makala hii alikaa nyumbani mwaka mzima baada ya kuondolewa chuoni. Alirudia kuchanja kuku, safari hii kwa malipo kidogo kwa kila kuku, na akaanza kufuga wake. Sasa yuko kwenye chuo cha mifugo, ngazi ya cheti, kwa fedha za kuku hao na msaada mdogo wa mama yake. Hakutuomba ufadhili. Cheti hicho ni cha chini kuliko shahada tuliyomtafutia, na ile miaka haitarudi, wala wale ng'ombe wawili.

Nilimtembelea alipokuwa likizo. Alinionyesha daftari la somo la magonjwa ya mifugo. Pembeni mwa kila ukurasa alikuwa ameandika majina ya nyumba za Singe alikowahi kuuona ugonjwa huo. Nilimwuliza kama masomo ni mepesi kuliko yale ya kwanza. Akacheka. "Hapana mratibu, ni magumu. Ila sasa nikikwama silali."

Nilimwomba radhi kwa kile kikao. Alinyamaza kidogo, kisha akasema niwaombe wajumbe wasiwaache wengine kwenye benchi. Ndiyo sababu nimeandika.